Mahali Maji Yanapochoka

Kila mwalimu kijana anayeingia sebuleni kwangu hapa Mbeya hutazama ukuta. Anaona picha ya harusi yetu, anaona kalenda, halafu macho yanakwama kwenye ile pete ya mwanzi niliyoitundika kwenye msumari, pana kama sahani ya wali. Wengine hudhani ni kipande cha tenga la kuku. Mmoja wenu, jina lake naliweka moyoni, aliwahi kuniuliza kama ni dawa ya kuzuia wezi. Nikamwambia ndiyo, inazuia wezi wa alama za hesabu. Akacheka kwa adabu, vile mnavyocheka mzee akisema jambo msilolielewa.

Basi leo kaeni niwaeleze. Chai ipo, viazi vipo, na mvua hii ya Mbeya mnaijua, hakuna wa kuwaruhusu mtoke.

Juzi mlinijia na malalamiko. Mmesema, "Mwalimu, darasa zima limefanya vizuri jaribio la kwadratiki, lakini ukiligeuza swali kidogo tu, wote wanaduwaa." Nilicheka mpaka mama yenu akachungulia kutoka jikoni. Si kwamba nawadharau, la hasha. Nimecheka kwa sababu malalamiko hayohayo niliyabeba mimi, nikayapeleka kwa mtu aliyenisaidia, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea.

Kwa wale wenzenu wa historia na jiografia ambao nawaona wanatazama dirishani: kwadratiki ni zile hesabu ambazo namba tusiyoijua inazidishwa kwa yenyewe. Ukichora picha yake, hupati mstari ulionyooka. Unapata kitu kinachopanda, kinakunja mgongo, kisha kinashuka. Hayo tu. Mkiyashika hayo mtanifuata mpaka mwisho.

Nilifika Iringa kufundisha mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kijana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, nina cheti kipya, tai moja, na kiburi cha kutosha shule nzima. Baridi ya Iringa haikunitisha, lakini chakula kilinitesa. Nilizoea ndizi, huko ni ugali asubuhi na jioni, nao Wahehe walinitania kwamba nitakonda mpaka nipite chini ya mlango. Nilipewa darasa la tisa na la kumi. Wakati ule mtu akifika darasa la kumi kijiji kizima kinajua, na akilifaulu wanamjua hata wasiomjua.

Kanuni ya kwadratiki niliifundisha kama tulivyofundishwa sisi: kwa kuimba. Naanza mimi, wanapokea wao, mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Nilipotoa jaribio la kwanza, karibu wote walipata. Aliyeongoza ni Zefania, kijana mwembamba, nadhifu, aliyekariri kila kitu mpaka vituo na mikato. Wa mwisho alikuwa Kasiani.

Kasiani nitamsema kidogo, maana habari yenyewe ni yake. Alitoka Kalenga. Alianza shule amechelewa sana, baada ya kuchunga ng'ombe wa baba yake miaka na miaka, kwa hiyo alipofika darasani kwangu alikuwa na ndevu kunizidi mimi mwalimu wake. Wageni walimwamkia yeye kwanza. Alikuwa mpole, mikono mikubwa, sauti ya chini. Lakini akishika karatasi ya mtihani, jasho linamtoka hata mwezi wa sita. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kwake kilikuwa kama koti la kuazima: mikono mifupi, mabega yanabana.

Nikachukua karatasi zangu mbio nikamwonyesha Mwalimu Filipo. Huyu alikuwa mkuu wetu wa hesabu, Mbena mfupi wa kutoka Njombe, mwenye koti la kaki ambalo mifuko yake ilikuwa haiishi vitu: chaki, kamba, visu vidogo, viazi vya kuchoma. Nilitaka anisifu, kusema kweli. Alizipekua karatasi, akasema, "Vizuri, bwana mdogo. Kesho nitakuja darasani kwako dakika chache."

Akaja. Akatoa kiazi mfukoni, akakirusha juu, kikapanda, kikashuka, akakidaka hatua mbili mbele. Akamwambia Zefania, "Kijana, hiki kiazi kimechora grafu. Nionyeshe zile namba mbili unazozipata mwisho wa hesabu. Ziko wapi hapa hewani?"

Zefania akasimama wima, akashusha pumzi, akaimba kanuni yote kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ahsante," akasema Filipo. "Ziko wapi?"

Zefania akaimba tena. Wee! Nilitamani sakafu inimeze. Filipo akamega kile kiazi, akakila, akatoka. Nje ya mlango akaniambia maneno ambayo nawapa ninyi kama nilivyopewa: "Bwana mdogo, umewapima kuimba, nao wanaimba vizuri. Yule mwenye ndevu kule nyuma, umemwona? Alikuwa anakitazama kiazi. Wengine wote walikuwa wananitazama mimi."

Kisha akanivalisha shingoni mzingo wa kamba ya katani, akaenda zake. Tangu siku hiyo wanafunzi wakaniita Mwalimu Kamba, na wako waliokufa bila kulijua jina langu.

Kazi ya kwanza aliyonifundisha kuwapima nayo ni hii, na nyie mnaweza kuifanya kesho. Kila kundi lipe kamba ya futi arobaini. Waambie wajenge banda la kondoo ukutani mwa shule: ukuta ni upande mmoja, kamba izunguke pande tatu zilizobaki. Banda liwe kubwa kuliko yote yanayowezekana kwa kamba hiyo. Wapime, waandike, wachore, halafu wakueleze kwa midomo yao. Hapo kwadratiki imejificha ndani, kama mfupa ndani ya mchuzi. Ukibana sana banda linakuwa jembamba, ukitanua sana linakuwa bapa, na katikati mahali fulani liko lililo bora.

Ila kamba wapeni ikiwa kavu. Nasema haya nikiwa na uchungu. Mara ya kwanza tulipima asubuhi ya manyunyu, katani ikalowa, na katani ikilowa inajikunja na kufupika. Kundi la asubuhi na kundi la mchana yakabishana nusura yapigane, kila mmoja anaapa kwa mama yake kwamba mwenzake kakata kamba. Filipo alikaa kwenye ngazi akitafuna, akawaacha wabishane mpaka wenyewe wakagundua ni mvua. "Hilo nalo lipe alama," akaniambia. Nikalipa.

Na jambo jingine: kundi likikuletea vipimo vilivyonyooka, hakuna hata nusu inchi iliyopinda, ujue hao hawakupima. Wamekaa kivulini wakapika namba. Zefania na wenzake walinipikia hivyo, tena kwa mwandiko mzuri. Niliwaomba wanipeleke kwenye banda lao nikalione. Wakaanza kulitafuta, eti lilikuwa hapahapa. Anayepima kweli hukosea kidogo, na kosa lake linaonekana lilikotoka. Nawaambia, mimi nilijifunza kuyapenda makosa madogo madogo ya namna hiyo. Nikiyaona kwenye daftari roho inatulia.

Sasa banda la Kasiani. Wenzake wote walijenga la pembe nne. Yeye akajenga nusu duara, limetoka ukutani hadi ukutani kama tumbo la mtu aliyeshiba. Darasa likaangua kicheko. Nikamuuliza, "Kasiani, kona ziko wapi?"

"Ng'ombe hapendi kona, Mwalimu. Ndama akisukumwa kwenye kona anabanwa anakufa."

"Mimi nimesema kondoo."

"Kondoo ndiyo zaidi."

Tukapima eneo lake kwa miraba ya futi futi tuliyoichora mchangani. Loh! Lilikuwa kubwa kuliko la kila mtu. Nikabaki nimeshika fimbo yangu sijui niandike nini, kwa sababu swali langu halikukataza duara, lakini pia kile nilichotaka kukipima hakimo humo. Filipo akacheka, yeye aliyekuwa hacheki ovyo. Akasema, "Amejibu swali zuri kuliko ulilouliza. Mpe alama zake. Halafu muulize lile lako."

Nikamwambia Kasiani, haya, jenga lenye kona. Hakubisha. Akachukua vigingi viwili vya kushikia kona za kamba, akavisogeza taratibu kutoka ukutani, hatua kwa hatua, na kila mahali anasimama anahesabu miraba. Aliendelea hivyo mpaka banda likawa jembamba limeisha. Akarudi kwangu amekunja uso.

"Linapanda, Mwalimu. Linapanda, linachoka, halafu linarudi. Na linarudi kwa njia ileile. Nikiwa futi tano kabla ya kuchoka, na nikiwa futi tano baada ya kuchoka, banda ni sawasawa."

Vijana wangu, nilisisimka mwili. Yote niliyoyaimbisha mwezi mzima, huyu mtu ameyasema kwa pumzi moja. Ile ncha ya juu ya grafu, ambayo kitabu kina jina lake refu, sisi tangu siku hiyo tukaiita mahali pa kuchoka. Na ile habari kwamba upande wa kushoto na wa kulia ni pacha, tukaiita kurudi kwa njia ileile. Nimefundisha hivyo mpaka nastaafu, na mkaguzi asiyependa alikuwa ananivumilia.

Lakini shule haikuwa ya mabanda. Shule ilikuwa ya karatasi.

Katikati ya mwaka ukaja uamuzi: nafasi za darasa la kumi ni chache, na wanafunzi waliozidi umri, wakianguka jaribio la hesabu, watarudishwa nyumbani. Kasiani alikuwa wa kwanza kwa umri na wa mwisho kwa karatasi. Hakuhitaji kuambiwa. Jioni ile nilimkuta nyuma ya bweni anakunja blanketi lake.

"Unakwenda wapi na hujafukuzwa?"

"Nataka nizoee, Mwalimu." Akakaa juu ya sanduku. "Mimi siyo shida. Ng'ombe nawajua. Shida ni wadogo zangu wawili. Baba alisema: wewe nenda kwanza, tuone kama shule hii inawataka watu wa kwetu. Wakikurudisha, basi na hawa watabaki na ng'ombe. Na baba yangu akisema amesema."

Sikulala vizuri. Asubuhi na mapema nikamfuata Filipo nyumbani kwake, nikamkuta anakata mianzi. Nikamweleza. Hakuacha kukata. Akasema, "Twende kwa mkuu wa shule. Lakini wewe usiseme kwamba mtu huyu ni mwema. Wema hauna alama. Mwambie ampime."

Mkuu wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mvuta kiko, mpenda bustani, na Kiswahili chake kilikuwa safi cha pwani kutushinda sisi wa bara. Alitusikiliza. Akasema sheria ni sheria. Filipo akasema, "Ndiyo Bwana, sheria inasema afaulu jaribio la hesabu. Haikusema jaribio lazima likae juu ya miguu minne ya meza." Mkuu akakitoa kiko mdomoni. Alikuwa mtu wa haki, nashukuru kulisema hilo. Akafikiri, akajibu, "Nitampima mwenyewe, kesho, mbele ya darasa. Swali nitalichagua mimi. Akikosa, aende kwa amani."

Nilipomfikishia Kasiani habari hiyo, aliuliza jambo moja tu: "Kwa karatasi?" Nikamwambia kwa mikono. Akalikunjua blanketi.

Pale karibu na jiko la shule tulikuwa na pipa, zawadi ya Mhindi mwenye duka mjini, amelitoa bure alipoambiwa ni la masomo. Filipo alilipandisha juu ya jukwaa la mawe, akateremsha mwanzi kutoka kitako cha pipa hadi chini, na mdomo wa ule mwanzi akauelekeza juu kwa mshazari. Kizibo chake ni gunzi la muhindi. Ukichomoa gunzi, maji yanaruka, yanapanda na kushuka mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, grafu ya kwadratiki inayoishi. Pipa lilijazwa na mfereji asubuhi tu. Mchana zamu ya maji ilikwenda kwenye mashamba ya majirani.

Kesho yake kulikuwa na baridi ya kutoboa mifupa. Darasa zima limejipanga, mikono kwapani. Mkuu na koti lake. Filipo na pete ya mwanzi aliyoikunja mwenyewe jana yake, imefungwa kwenye kijiti.

Mkuu akasema, "Kasiani, utaruhusiwa kuyaona maji mara moja. Pima sehemu mbili unazotaka, tutaziba. Kisha nitachagua mahali, nawe utaiweka pete hewani palepale ambapo maji yatapita. Sema Kiswahili."

Kasiani akaomba ruhusa kwanza apande jukwaani. Akachungulia ndani ya pipa, akatoa kipande cha mkaa, akachora mstari mahali maji yalipofika. Zefania akaninong'oneza, "Anafanya nini huyu?" Nikamwambia nyamaza, ingawa nami sikujua.

Gunzi likachomolewa. Maji yakaruka. Kasiani akapima kutoka mdomo wa mwanzi: futi mbili mbele, maji yako futi tatu juu. Futi nne mbele, yako futi nne juu, na hapo ndipo yanapochoka. Gunzi likarudishwa. Mkuu akatembea akakita fimbo yake ardhini futi saba mbele ya mwanzi. "Hapa," akasema.

Nawaulizeni ninyi wa hesabu, mngefanyaje? Zefania alikuwa tayari anaimba kanuni chini kwa chini. Kasiani alichuchumaa, akachora mchangani, akafuta, akachora. Alichukua muda mrefu. Alijaribu kwanza kwa hesabu yenyewe, anazidisha namba kwa yenyewe, midomo inacheza. Kisha akaihakikisha kwa njia yake: kutoka mahali pa kuchoka hadi fimbo ya Bwana ni futi tatu, basi ni sawa na futi tatu nyuma, yaani futi moja kutoka kwenye mwanzi, akakokotoa na pale. Majibu mawili yakakubaliana. Akaichomeka pete palepale penye fimbo, katikati yake ikiwa futi moja na robo tatu juu ya usawa wa mdomo wa mwanzi.

"Nimemaliza, Bwana."

Mkuu akachomoa gunzi kwa mkono wake. Maji yakaruka, yakapanda, yakaanguka chini mbali kabisa na pete, hayakuigusa.

Hata wale waliokuwa wanatetemeka kwa baridi waliacha. Nilihisi kama mtu kanimwagia mimi hayo maji. Mkuu akashusha pumzi, na kwa kweli aliona huruma, akasema, "Pole, Kasiani." Akaanza kufunga vifungo vya koti.

Kasiani hakuitazama pete. Alikuwa bado anayatazama maji, vile alivyokitazama kile kiazi.

"Bwana," akasema, "yamechokea karibu."

"Nini?"

"Tazama pale ukutani. Niliyoyapima yalichoka futi nne mbele. Haya yamechoka kabla ya hapo, tena chini zaidi. Bwana, haya siyo maji niliyoyapima."

Akapanda jukwaani, akachungulia, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Maji yako chini ya mkaa wangu! Nani kachota?"

Sote tukageuka kuelekea jikoni. Mpishi wetu, mtu mwema mwenye kitambi, alikuwa mlangoni na ndoo, amejisimamia zake anatazama maonyesho. Akasema, "Ala! Mimi nilichota ya uji. Ndoo tatu tu. Si mlikuwa mmeinama mnachora chora?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumkaba. Mkuu akamtazama mpishi, akamtazama Kasiani, akaufuata mstari wa mkaa kwa kidole. Pipa likipungua, maji yanakosa nguvu ya kusukumwa, grafu nyingine inachorwa. Kitabu kinasema hayo kwa herufi na namba. Kasiani aliyachorea mstari kabla hajaulizwa chochote.

Zamu ya mfereji ilikuwa imepita, kwa hiyo darasa zima likakimbilia mtoni na ndoo. Wa kwanza kurudi alikuwa Zefania, nadhifu yule, kaptula imelowa mpaka kiunoni, na yeye ndiye aliyemimina mpaka maji yakaugusa mkaa. Namshukuru naye. Baada ya siku hiyo alikuja kwangu mwenyewe akasema, "Mwalimu, nifundishe upya ile ya kiazi."

Mkuu akamwashiria Kasiani achomoe gunzi. Akakataa. "Chomoa wewe, Bwana, wasije wakasema nimechezea."

Maji yakapanda, yakachoka palepale pa kwanza, yakarudi, yakapita katikati ya pete.

Kelele za siku ile sijazisikia tena, hata siku ya uhuru, Mungu anisamehe. Yule mkuu akatia mkono wake ndani ya pete, koti na vyote, akauacha unalowa, anacheka kama mtoto. Kisha akamgeukia Filipo, "Lakini Mwalimu, hili nitaliandikaje kwenye fomu?"

"Andika anaelewa, Bwana," akasema Filipo, akatoa kiazi.

Kasiani akabaki. Mwaka uliofuata wadogo zake wakaanza shule, wameongozana nyuma ya baba yao kutoka Kalenga, na mzee yule akanipa mkono akasema "Kamwene," salamu yao ya Kihehe, basi, hakuongeza neno, lakini mkono hakuuachia upesi. Pete ile mkuu aliomba apewe, akaenda nayo kwao. Kwa hiyo hii mnayoiona ukutani siyo ile. Najua mlikuwa mmeshaamua ni ile. Subirini.

Mimi nilihamia Mbeya. Filipo alifariki kwao Njombe, nikaenda kumzika, nikatia kiazi cha kuchoma mfukoni mwangu kwa heshima yake na hakuna aliyejua. Kasiani alikwenda chuoni, tukapoteana kama watu wanavyopoteana.

Miaka ikaenda. Binti yangu Sekela akafika kidato cha pili hapa Mbeya, na hesabu akazichukia. Mimi, Mwalimu Kamba mzima, nikashindwa kumfundisha! Mwalimu hafai kumfundisha mwanawe, mtaniambia siku yenu ikifika. Nilipaza sauti, akalia, mama yake akanigombeza, nikapaza tena. Mwisho akaniambia, "Baba, mimi siyo mtu wa hesabu, niache." Neno hilo liliniuma hapa. Wangapi niliwakataza kulisema, na sasa linasemwa mezani pangu.

Jioni moja Sekela akaingia amelowa chapachapa, gauni la shule limegandana naye, mama yake anapiga kelele kwamba atashikwa na kichomi. Mkononi ana pete ya mwanzi.

"Baba, kaa. Niulize chochote." Hakungoja niulize. Akaishika pete hewani, akachora kwa kidole. "Hapa yanapanda. Hapa yanachoka. Halafu yanarudi kwa njia ileile, kwa hiyo ukijua upande mmoja umejua na wa pili. Lakini kwanza lazima uchore alama kwenye pipa, maana watu wa jikoni siyo wa kuamini."

Kikombe kilinitoka mkononi. "Nani kakufundisha hayo?"

"Mwalimu wetu mpya. Mhehe mmoja ana ndevu, mpole."

Asubuhi nilikuwa shuleni kwao kabla ya kengele. Nilimkuta nyuma ya jiko, mvi zimeanza kumwingia ndevuni, mikono ileile mikubwa, anajaza pipa.

"Kamwene, Mwalimu," akasema, kama tuliagana jana.

"Kamwene. Kasiani, ulijua kwamba huyu ni mwanangu?"

"Nilijua siku ya kwanza nilipoita majina. Sikuja kukusalimu. Nilitaka kwanza aelewe, ndipo nije na kitu mkononi."

Nilitaka kusema ndaga fijo, ahsante sana kwa Kinyakyusa chetu, na kwa Kihehe, na kwa lugha zote. Badala yake machozi yakanitoka mbele ya mtu niliyemfundisha, wala sikuona haya. Akanipa gunzi nilishike, akaniacha nimalize kulia, akaendelea kumimina maji mpaka kwenye alama.

Basi pete ni ya Sekela, ndiyo maana haitoki ukutani. Lakini kamba iko nyuma ya mlango, ni kavu, nendeni nayo. Haya, nani kati yenu shuleni kwake ana pipa?